7.62 au 5.56, ipi kali zaidi?

Ndugu, umeuliza kama risasi ya 7.62 lazima iishinde ya 5.56 (namba hizo ni kipenyo kwa milimita) kwa kuwa ni nene. Kwanza tuambie 7.62 ipi. Ile ya AK-47 (7.62×39, namba ya pili ni urefu wa ganda) na ile ya NATO (7.62×51) zinakaribiana kipenyo tu. Ya NATO ina ganda refu na baruti nyingi zaidi, ni kitu kingine kabisa.

Tuseme unamaanisha ya AK. Kichwa chake kina gramu 8 hivi na hutoka mtutuni kwa takriban mita 715 kwa sekunde. Cha 5.56 kina gramu 4 lakini kinapita mita 900, kwa hiyo njia yake inanyooka. Kufika mita 300 ile ya AK imeshashuka sana, na mlengaji asipokadiria vizuri anapiga udongo. Kwenye kutoboa mbao, sawa, uzito wa 7.62 unasaidia. Tena 5.56 inaishi kwa kasi: fupisha mtutu, unaipunguzia makali.

Wabishi wengi husahau mzigo. Risasi nzima ya 5.56 ina gramu 12 hivi, ya 7.62 NATO karibu 24, yaani kwa uzito uleule askari wa 5.56 anabeba risasi mara mbili. Wasovieti wenyewe, wenye AK yao, walihamia 5.45 mwaka 1974. Jeshi la Marekani nalo likachagua 6.8×51 mwaka 2022, likizilenga fulana za kisasa za kuzuia risasi, na mzigo ukapanda tena.