X mbili kwenye kete moja ya mchezo wa vita

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba kete za mchezo wako wa vita, yaani vile vipande vidogo vinavyowakilisha vikosi vya jeshi, zina X ndani ya mstatili na nyingine juu yake, nawe hujui uifuate ipi. Fuata zote mbili, kwa maana kila moja ina kazi yake.

Alama ya ndani hueleza aina ya kikosi. Mistari miwili inayokatizana kutoka pembe hadi pembe ni askari wa miguu, na kwa kawaida huelezwa kuwa ni mfano wa mikanda waliyoivaa ikipishana kifuani; mstari mmoja wa mshazari ni wapanda farasi, au upelelezi katika majeshi ya kisasa; nukta nene ni mizinga, kama tufe la mzinga wa kale; na umbo la yai lililolala ni vifaru, jinsi mnyororo wake unavyoonekana ubavuni. Ukiona X na yai pamoja, hao ni askari wa miguu wanaosafirishwa kwa magari ya deraya.

Alama ya juu hueleza ukubwa wa kikosi tu, kuanzia kidogo hadi kikubwa: II ni batalioni, III rejimenti, X brigedi na XX divisheni. Kwa hiyo kete yenye XX juu, X ndani na 4-6 chini ni divisheni ya askari wa miguu, ambayo katika michezo mingi ina nguvu ya 4 vitani na mwendo wa 6. Tarakimu hizo, tofauti na alama, hubadilika kila mchezo, basi zihakikishe katika kijitabu cha kanuni kabla hujasogeza kete.