Maswali ya Wasomaji: Ukutani Chora Mikono, Usichore Nyani

SWALI: Ndugu wahariri, tunawasalimia. Sisi ni kikundi cha vijana wachoraji wa Majengo, hapa Goma. Mwenye duka ametupa ukuta wa mawe ya volkeno, mita 4 kwa 2.5, unaotazama barabara, tuchore onyo juu ya mpox na magonjwa mengine ya wanyama wa pori. Tumeandaa picha ya nyani mkubwa aliyepigwa alama nyekundu ya kukataza. Watu wataelewa? Na rangi itashikaje?

JIBU: Wataelewa, ila wataelewa vibaya. Jina la zamani la mpox, "ndui ya nyani", lilitokana na nyani wa maabara ya Copenhagen walioonekana wanaugua mwaka 1958. Mtu wa kwanza kujulikana kuupata ugonjwa alikuwa mtoto wa Basankusu, hapa hapa Kongo, mwaka 1970. Nyani huambukizwa kama sisi. Wanaoshukiwa zaidi kuhifadhi virusi ni kindi na panya wa msituni. Tena aina iliyozuka Kamituga mwaka 2023, ambayo ilichangia OMS (Shirika la Afya Duniani) kutangaza dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024, inapita mtu kwa mtu: ngozi kwa ngozi, kitandani, kwenye shuka na taulo. Mkaaji wa Majengo ambaye hajagusa nyani tangu azaliwe ataona picha yenu haimhusu, atapita. Hapo onyo lote limepotea.

Chora mikono. Mmoja unagusa upele wa mwenzake, mwingine unakusanya shuka za mgonjwa bila glavu, wa tatu umeshika kisu juu ya mnyama aliyekutwa amekufa. Wa nne, mkubwa kuliko yote, uko chini ya maji na umejaa povu la sabuni. Magonjwa mengi ya pori huingia kwa mkono uliogusa damu, mate au majimaji ya mnyama au ya mgonjwa, kisha ukagusa jicho, mdomo au mchubuko. Msiweke uso wa mgonjwa. Watu watautafutia jina mtaani, na mwenye upele kweli atajificha badala ya kwenda kituo cha afya. Mafuvu nayo myaache, kwa sababu hofu hufungia wagonjwa ndani.

Maneno yawe machache, herufi ziwe na kimo cha sentimita 10. Kwa kimo hicho mtu aliye umbali wa mita 12 atasoma huku anatembea.

Sasa ukuta. Jiwe la volkeno lina matundu kila mahali. Hunywa rangi, na mistari yenu itakatikakatika. Pigeni kwanza lipu ya saruji yenye unene wa sentimita 1.5 hadi 2, muimwagilie maji kwa siku 7, kisha mngoje mpaka siku 28 zitimie. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu watu wana haraka. Saruji mbichi ni kali kama magadi: hugeuza rangi ya mafuta kuwa kitu kama sabuni, nayo hubabuka, huku chumvi nyeupe ikijitokeza juu. Kabla ya kuanza, bandikeni kipande cha plastiki ukutani kwa gundi pande zote na mkiache usiku kucha. Asubuhi mkikuta matone ya maji ndani yake, lipu bado ina unyevu, ngojeni.

Tumieni rangi ya maji ya nje. Mpako wa kwanza uchanganywe sehemu 5 za rangi kwa 1 ya maji, upate kuzama kwenye lipu. Lita 1 hufunika mita za mraba 8 hivi, kwa hiyo ukuta wenu wa mita za mraba 10 utahitaji karibu lita 2.5 za rangi nyeupe kwa mipako miwili. Mchoro uwe kwenye karatasi ya sentimita 40 kwa 25, iliyogawanywa vimraba vya sentimita 2.5. Ukutani pigeni vimraba vya sentimita 25 kwa kamba iliyopakwa unga wa chaki. Vitatoka 160, kisha mnahamisha kimoja kimoja. Vidole ndivyo vigumu, kwa hiyo hakikisheni kila kiungo kimekaa kwenye kimraba chake kabla ya kutia rangi.

Sentimita 30 za chini zipakeni rangi moja nyeusi bila picha, maana matone ya mvua hurusha tope hapo. Nyekundu nyingi za bei ndogo hupauka juani. Ile inayotokana na udongo wenye kutu ya chuma hudumu zaidi. Mkitumia mikebe ya kupuliza, tikiseni kila mmoja dakika 2, mshike umbali wa sentimita 15, na mvae barakoa yenye vichujio vya mvuke. Kitambaa hakizuii mvuke huo. Mwenye duka aandike ruhusa, nakala apelekewe chefu wa avenue (kiongozi wa mtaa).

SWALI: Nauza chakula Birere. Nanunua nyama ya pori iliyokaushwa kwa moshi, wateja wanasema moshi umeua kila kidudu. Ni kweli? Mama muuza chakula.

JIBU: Si kweli, mama. Moshi hukausha nje, lakini ndani ya pande nene nyama inaweza kubaki mbichi. Kinachosaidia ni chungu: virusi vya Ebola hufa vikichemshwa dakika 5. Hatari kubwa iko kabla ya moto, kwa anayechuna na kukata. Kibao na kisu vya nyama mbichi visiguse mboga. Vioshe kwanza kwa sabuni, kwa sababu damu na mafuta humaliza nguvu ya klorini, kisha tumia sehemu 1 ya maji ya javel yenye klorini asilimia 5 kwa sehemu 9 za maji, uache dakika 10 na usuuze. Tengeneza mengine kila siku.

Mnyama aliyekutwa amekufa usimnunue hata akiwa na bei ya bure. Aprili 2025 viboko wasiopungua 50 walikufa kwa kimeta katika Hifadhi ya Virunga. Mbegu za kimeta hustahimili kuchemshwa kwa kawaida, na hukaa ardhini miaka mingi. Wanyama wa hifadhi hiyo, kwa vyovyote, wanalindwa na sheria.

SWALI: Popo wamejaa chini ya mabati yetu, Himbi. Tuwaue?

JIBU: Hapana. Kuwaua ndiko kunakowalazimu ninyi kuwagusa, na wanaobaki hutawanyikia kwa majirani. Subirini makinda yaweze kuruka, kisha zibeni matundu jioni baada ya wote kutoka. Kinyesi kilichokauka kinyunyizieni maji kabla ya kukizoa, mkivaa barakoa na glavu, maana vumbi lake huharibu mapafu. Popo au mbwa akimwuma mtu, osheni jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 kamili, mwende siku hiyo hiyo kuuliza chanjo ya kichaa cha mbwa. Dalili zikianza, karibu hakuna anayepona.