Wasomaji Wanauliza: Homoni, Muhogo na Chumvi ya Mawe

Habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mikindani. Tangu mwaka jana hedhi yangu ni nyingi, inachukua siku 8 hadi 9. Nachoka hata kwa kufagia uwanja, choo ni kigumu, na nasikia baridi wenzangu wakilalamikia joto. Shingo imejaa kidogo kwa mbele. Nyumbani tunakula ugali wa muhogo mchana na usiku, chumvi yetu ni ile ya mawe. Nimeuziwa unga wa kurekebisha homoni. Niendelee nao?

Dada, huo unga uweke pembeni. Homoni ni nyingi na kila moja ina tezi yake. Muuzaji asiyeweza kukuambia anarekebisha ipi hajui anachokuuzia. Dalili zako zinaelekeza kwenye tezi ya shingo. Ikishindwa kazi, mwili mzima hupoa: tumbo hufunga, uchovu hauishi, hedhi huwa nzito. Ikivimba ndiyo rovu.

Tezi hii hutengeneza homoni zake kwa madini joto. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku. Mjamzito na anayenyonyesha, 250. Wengi pwani huamini kwamba chumvi ikitoka baharini inayo ya kutosha. Sivyo, mpaka yaongezwe kiwandani. Nunua pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto, ihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko mbali na jiko, na uitie chakula kikikaribia kuiva, kwa sababu unyevu na moto huyapunguza. Usiongeze kipimo: kijiko cha chai kisichojaa kupita ukingo ndicho kikomo cha mtu mmoja kwa siku.

Sasa muhogo. Hatukuambii uuache, maana ndio chakula chetu. Lakini muhogo mchungu una sumu ya sayanaidi, na mwili ukiivunja sumu hiyo hubaki kitu kinachoyazuia madini joto kuingia kwenye tezi. Mwenye madini joto ya kutosha hustahimili. Anayeumia ni yule anayekula muhogo kila siku na chumvi isiyo nayo. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kumenya, kupasua, kuanika na kutwanga. Makopa hukauka juani kabla sumu haijatoka. Uloweke muhogo siku 3 hadi ulainike, ndipo uanike.

Kama unga umeununua sokoni na hujui ulivyoandaliwa, bado una njia. Tia unga mkavu kwenye beseni, usawazishe, weka alama ubavuni pale unapofikia. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukichanganya. Utaona unga unashuka, kisha unapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha maji. Utandaze kwenye mkeka safi au ungo, unene usizidi sentimita 1, ukae saa 2 juani au saa 5 kivulini. Hapo ndipo sumu inaporuka hewani. Ukiutandaza mnene, ya chini haitoki. Songa ugali siku hiyohiyo, usiulaze.

Ugali huo usiliwe na mchuzi mtupu. Mwili hutumia protini kuiondoa sumu, kwa hiyo dagaa, samaki, mbaazi au choroko ni sehemu ya tiba. Na kwa damu unayopoteza, chai isinywewe pamoja na chakula; subiri saa moja, kwa sababu huzuia madini ya chuma. Chungwa au bibo baada ya kula husaidia madini hayo kuingia.

Hata hivyo, shingo iliyojaa haiishii jikoni. Nenda hospitali upimwe TSH, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya tezi, na wingi wa damu. Usinywe matone ya madini joto kwa kujipimia, kwani yakizidi nayo huvuruga tezi.

Nina miaka 27, niko Newala. Hedhi inakuja baada ya siku 50, mara nyingine 70. Nina kilo 84, ndevu zinaota kidevuni, na kipimo cha picha kimeonyesha vifuko vingi vidogo kwenye ovari. Nimeambiwa niache wanga wote. Ni kweli?

Hapana, dada, na wengi wanaojaribu hivyo hurudia ulaji wa zamani baada ya wiki chache. Hali yako madaktari huiita PCOS. Kwa wengi wenye nayo, mwili hauisikii vizuri insulini, homoni ya kongosho inayoshusha sukari ya damu, kongosho huongeza nyingine, na insulini hiyo ikizidi husukuma ovari kutoa homoni za kiume kwa wingi. Ndevu zinatoka huko, na yai kutokomaa pia.

Kinachotakiwa ni kupunguza wanga. Nusu ya sahani iwe kisamvu, bamia au majani ya kunde. Robo iwe samaki, kunde au mbaazi. Robo iliyobaki ugali, ukubwa wa ngumi yako. Anza na mboga, ugali ufuate. Uji usitiwe sukari, soda iache kabisa. Baada ya kula tembea dakika 15. Ukipungua kilo 4 tu, ambazo ni kama asilimia 5 ya uzito wako, huenda hedhi ikaanza kujipanga.

Tunawaonya hasa watu wa Newala na Tandahimba msimu wa korosho. Korosho ni nzuri, lakini kiganja kimoja, kama 18 zilizobanguliwa, kinatosha. Wanaobangua huku wakitafuna hula vikombe viwili bila kuhisi.

Hedhi ikipita siku 90 bila kuja, pima mimba kwanza, kisha muone daktari: ukuta wa kizazi ukinenepa muda mrefu bila kutoka ni hatari. Na usidhani kuruka kwa hedhi ni kinga. Yai linaweza kukomaa siku usiyoitarajia.

Wanangu, nina miaka 51, Nachingwea. Hedhi imekoma miezi 14 sasa, usiku natoka jasho mpaka shuka inalowa. Nikila soya na ufuta, hedhi itarudi?

Shikamoo mama. Haitarudi, na si ugonjwa. Soya hupunguza jasho kidogo kwa baadhi ya wanawake, si kwa wote. Ufuta na dagaa wanaoliwa na mifupa yao tunakushauri kwa ajili ya kalisi, kwa sababu mifupa hudhoofika haraka miaka hii. Usiku epuka pilipili na chai ya moto, fungua dirisha, lalia kitambaa cha pamba. Jasho likikunyima usingizi, dawa zipo hospitalini. Ila ukiona damu tena, hata tone moja kwenye kanga, usifurahie kwamba hedhi imerudi: nenda ukapimwe wiki hiyohiyo.