Kwa mafundi wapya wa mitandao: njia ya akiba haipimwi kwa kuchomoa waya ulio karibu

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii hapa Mbeya, nimelazimika kuandika kwa sababu msimu huu wa mvua nimekuta tena ruta ya tawi (kifaa kinachoelekeza pakiti za data) yenye njia mbili za kutokea, mkongo wa nyuzi za kioo na redio ya akiba, ambayo fundi wake aliniapia kwamba akiba inafanya kazi, kwa kuwa alichomoa waya wa mkongo, akaona pingi, yaani vipakiti vya kupima kama upande wa pili unajibu, zinaendelea, akafunga kabati na kwenda kunywa chai.

1. Kabla ya kubishana kuhusu umbali wa kiutawala, yaani namba ya kuaminika kwa njia ambayo iliyo ndogo hushinda, tazameni barakoa ya subneti, yaani namba kama /24 inayoonyesha upana wa mtandao: kadiri namba inavyokuwa kubwa, mtandao huwa mwembamba zaidi, na ruta hufuata kwanza njia ya mtandao mwembamba. Njia ya /24 iliyoletwa na OSPF (itifaki ambayo ruta huitumia kuambizana njia), yenye umbali wa 110, huishinda njia tuli (iliyoandikwa kwa mkono) ya /16 yenye umbali wa 1, kwa sababu umbali hulinganishwa pale tu ambapo mtandao na barakoa ni vilevile.

2. Njia tuli ya akiba ipewe umbali mkubwa kuliko ile kuu, tuseme 250. Hilo nililijua tangu mwanzo, na ndilo lililonipa kiburi. Nilipokuwa mgeni kama ninyi, niliunganisha tawi moja la Makambako na ofisi kuu ya Mbeya kwa mkongo ulioishia kwenye konvata, kisanduku kinachogeuza mwanga wa mkongo kuwa umeme wa waya, na waya mfupi ukatoka kwenye konvata kuingia kwenye ruta. Nilichomoa waya ule, intafesi, yaani tundu la ruta linalopokea waya huo, ikalala, njia ya mkongo ikatoka kwenye jedwali la njia la ruta na redio ikashika, nami nikaandika ripoti yenye majigambo. Baadaye greda likakata mkongo upande wa Igawa. Konvata iliendelea kuwaka, intafesi ikabaki hai, na ruta, kwa utii uleule niliouomba, ikaendelea kuzitupa pakiti zote kwenye mkongo uliokufa huku redio imekaa bure. Kibao cha njia panda ya Makambako hakianguki eti kwa sababu daraja limekatika Chimala, na njia tuli ni hivyo hivyo. Mimi, badala ya kusoma jedwali, nilipanda mnara katika baridi ile kurekebisha dishi lisilo na kosa lolote. Nilipoteremka, meneja wa tawi, mama mstaarabu, aliniuliza kwa upole tu: “Mwanangu, hiyo ya akiba inasubiri nini?”

3. Ruta na itume pingi kwenye anwani iliyo ng'ambo ya mkongo, na njia kuu itegemee majibu ya pingi hiyo. Anwani hiyo ilazimishwe kupita kwenye mkongo peke yake. Mkisahau, pingi itajibiwa kupitia redio, njia kuu itarudi, itakufa, itarudi tena, na mtashinda mkimlaumu mtoa huduma. Pale ambapo ruta zote mbili ni zenu, wekeni OSPF, ambayo kwa kawaida hutuma salamu kila sekunde 10 na kuihesabu ruta jirani kuwa imekufa baada ya sekunde 40 bila salamu. Kisha pimeni kwa kuukata mkongo upande wa Mbeya, ninyi mkiwa Makambako mnatazama jedwali.

4. Gharama za OSPF, ambazo huamua njia ipi ni bora, kwenye ruta za Cisco hupigwa kwa kigezo cha megabiti 100 kwa sekunde, hivyo kiongezeni kwenye ruta zote, la sivyo njia ya gigabiti haitakuwa na faida yoyote machoni pake kuliko ya megabiti 100.

5. Ruta ya Tukuyu msiiguse kutoka Mbeya kabla ya kuiamuru ijiwashe upya baada ya dakika 10, ili mkijifungia nje irudi yenyewe kwenye usanidi wa zamani, na msihifadhi usanidi mpya wala kuifuta amri hiyo mpaka mhakikishe kwamba bado mnaifikia.