Mama mkwe ana ukoma, kanisani wanampa kikombe mwisho

*Shangazi, shikamoo. Naishi Nanyumbu, nimeolewa na nina watoto watatu. Mama mkwe alihamia kwetu kutoka Liwale akiwa na mabaka mgongoni ya miaka mingi, na vidole vya mkono wa kushoto vimeanza kukunjika. Zahanati wakasema ni ukoma, wakamwanzishia dawa za miezi 12. Sasa yuko mwezi wa nne. Ngozi yake imekuwa nyeusi mno, na kila akitoka zahanati mkojo unakuwa mwekundu. Majirani wanasema ni laana inajitokeza.*

*Sisi ni Waanglikana. Kanisani wamemwomba awe anakunywa kikombe cha ushirika mtakatifu mwisho, baada ya watu wote. Kwenye mkesha, mhubiri mgeni alimwekea mikono akatangaza amepona, aache vidonge, kwamba kuendelea kumeza ni kukosa imani. Mume wangu anataka mama arudishwe Liwale akakae peke yake kwenye kibanda cha shambani. Na mimi, Shangazi, nimemtengea sahani na kikombe, nimewakataza watoto wasipakatwe na bibi yao. Naona amejua, ila hasemi kitu. Je, nimetenda dhambi? Na nikiirudisha ile sahani, nitamwambia nini?*

*Mkwe, Nanyumbu*

Marahaba, mwanangu. Nianze na watoto, maana najua hao ndio wanaokunyima usingizi.

Ukoma ni ugonjwa wa bakteria. Daktari wa Norway, Gerhard Armauer Hansen, alivigundua vijidudu vyake mwaka 1873, na tangu hapo habari ya laana ilitakiwa iwe imekwisha. Unaambukizwa kwa njia ya hewa, kutoka puani na mdomoni mwa mgonjwa ambaye hajaanza dawa, na kwa mtu aliyekaa naye karibu kwa muda mrefu. Sahani haiambukizi. Watu wengi sana, hata wakikutana na vijidudu hivyo, miili yao inavishinda yenyewe. Na mgonjwa akishaanza dawa, muda mfupi tu baadaye haambukizi tena. Mama mkwe wako yuko mwezi wa nne. Hatari kwa watoto wako, kama ilikuwepo, ilikuwa kabla hajaanza kumeza, siku zile wote mlipokuwa mnakula naye sinia moja bila wasiwasi. Leo anaweza kuwapakata bila hofu yoyote.

Kwa hiyo kilicho cha maana ni kuwapima. Nendeni zahanati nyumba nzima, mwombe muuguzi awaangalie ngozi: baka lililofifia rangi au lenye wekundu, ambalo ukiligusa kwa pamba mtu hahisi. Waulize pia kuhusu dawa ya kinga ya dozi moja ya rifampisini kwa watu wanaoishi na mgonjwa. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2018. Wilayani yupo mratibu wa kifua kikuu na ukoma, na hiyo ndiyo kazi yake. Ugonjwa huu hukaa mwilini kimya miaka mitano, wakati mwingine hata 20, ndiyo maana mkipimwa mara moja mkakutwa salama msisahau kurudi pale mtakapoambiwa. Dawa za ukoma ni bure.

Sasa ule weusi na ule mkojo. Katika paketi yake mna dawa tatu: rifampisini, dapsoni na klofazimini. Klofazimini huifanya ngozi iwe nyeusi, na rangi hurudi taratibu baada ya kumaliza matibabu. Rifampisini anaimeza mara moja kwa mwezi mbele ya mhudumu, nayo hugeuza mkojo kuwa mwekundu kwa muda mfupi, ndiyo sababu mnauona anapotoka zahanati. Waeleze majirani hivyo hivyo. Wanachokiita laana ni alama kwamba mama anameza dawa yake sawasawa.

Nakuja kwa yule mhubiri. Sitamsema vibaya mtu anayewaombea wagonjwa; mimi mwenyewe naomba, na naamini Mungu anaponya. Lakini neno lake la kuacha vidonge silikubali hata kidogo, na siwezi kulipunguza makali. Fungua Marko sura ya kwanza. Yesu alipomtakasa mwenye ukoma, alimtuma aende akajionyeshe kwa kuhani. Wale kumi wa Luka 17 nao aliwatuma kwa makuhani. Kuhani wakati ule ndiye aliyekuwa anakagua ngozi na kutoa kauli, sheria yake iko Walawi 13 na 14. Yaani aliyeponywa na Yesu mwenyewe alipelekwa kukaguliwa. Uponyaji wa kweli haukimbii zahanati. Na kumbuka Naamani, yule jemadari wa Shamu aliyekuwa na ukoma: alikasirika kwa sababu alitegemea nabii atoke, asimame, apunge mkono mahali palipo na ugonjwa, kumbe akaambiwa akajichovye mtoni mara saba. Kitu kidogo cha kurudiarudia. Karibu apoteze uponyaji wake kwa kukidharau. Kidonge cha kila siku kwa miezi 12 nacho ni kidogo, kinachosha, hakina shangwe. Mama akikiacha njiani ugonjwa unaweza kurudi, na mishipa ya fahamu ikishakufa hairudi. Ameze na aombe, kwa pamoja.

Kuhusu kikombe nataka nikae kidogo, kwa sababu hapo ndipo barua yako iliponiumiza. Tazama mpangilio wa lile tendo katika Marko. Mtu anapiga magoti anasema, ukitaka waweza kunitakasa. Yesu akamhurumia, akanyosha mkono, akamgusa, ndipo akasema, "Nataka, takasika." Alimgusa angali na ukoma mwilini. Hakungoja awe safi. Kanisa lenu linamwogopa mwanamke ambaye hata haambukizi, na linamsubirisha mpaka wote washibe baraka.

Na ni kanisa la upande wenu wa Masasi, jamani. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakashukia Lindi, wakapanda bara kwa miguu. Walikuwa wanarudishwa kwao upande wa Ziwa Nyasa, lakini wakaishia Masasi, wakajenga pale. Waumini wa kwanza wa imani yenu huko ni watu waliouzwa, waliotengwa na koo zao, wasio na kwao. Na ukishika barabara ya Mtwara kuna Ndanda, ambako wamisionari Wabenedikto wamefungua milango kwa wenye ukoma kwa miongo mingi. Kusini yetu haina kisingizio cha kutojua jambo hili.

Usiende kugombana na wazee wa kanisa. Mwendee padri, chukua kadi ya matibabu ya mama, umweleze. Kisha mwombe mambo mawili. La kwanza, amwalike mhudumu wa zahanati aseme na waumini baada ya Misa. Siku ya Ukoma Duniani huadhimishwa Jumapili ya mwisho ya Januari, tangu Mfaransa Raoul Follereau aianzishe mwaka 1954, lakini msingoje Januari. La pili, padri mwenyewe amwite mama kwenye foleni katikati ya wenzake, mbele ya macho ya wote, bila hotuba ndefu. Kuhani wa Walawi alikuwa na kazi ya kutangaza kwamba huyu arudi kambini. Kazi hiyo sasa ni ya padri wenu, na akina mama watamfuata wakimwona anaifanya.

Mume wako. Nadhani anaogopa kuliko anavyosema. Yeye ni mtoto wa mama huyu, mabaka ni ya miaka mingi, na huenda usiku anaitazama ngozi yake mwenyewe. Usimwite mkatili, mwambie awe wa kwanza kupimwa. Halafu mweleze kwa utulivu maana ya kibanda cha shambani: mkono uliokufa ganzi hausikii moto. Mama peke yake, na sufuria, na kuni, na msimu wa korosho ukifika abangue kwa vidole visivyohisi yale mafuta yanayounguza. Atapata vidonda asivyovijua, na vidonda hivyo ndivyo vinavyokula vidole. Watu husema ukoma umevikata. Nyumbani kwako kuna mtu wa kumshikia sufuria kwa kitambaa, kumtazama nyayo kila jioni, kumlowekea miguu maji na kumpaka mafuta, kumnunulia ndala zenye soli nzito. Na ukiona mabaka yamevimba ghafla na kuwa mekundu, au mkono unamuuma na kulegea, hata kama ameshamaliza dawa, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Hilo linatibika, ila likicheleweshwa linaacha ulemavu.

Uliuliza kama umetenda dhambi. Kuogopa kwa ajili ya watoto si dhambi, mwanangu, na hukuwa na wa kukueleza. Lakini sasa umeelezwa, na sahani ile ikibaki pembeni kuanzia leo, itakuwa jambo jingine.

Usiirudishe kimya kimya kana kwamba haikuwahi kutengwa. Mama ameshaona, ameshakaa nalo moyoni muda wote huo. Keti naye wakati watoto hawapo, umwambie: "Mama, nilitenga vyombo vyako kwa kuogopa, nilikuwa sijui. Nimekukosea, nisamehe." Basi, usiongeze maelezo ya kujitetea. Akilia mwache alie, akikaa kimya usimharakishe. Chakula kikiiva, tenga sinia moja, muwekee maji ya kunawa yeye kwanza kama inavyompasa mkubwa wa nyumba, na mdogo kuliko wote mpe bibi yake ampakate.