Ukitaka Kutafiti Gemu, Kaa Bandani Kwanza

Nilipofanya utafiti wangu wa shahada ya uzamili, swali la kwanza kwenye dodoso lilikuwa: "Je, gemu zinaathiri vipi masomo yako?" Nililipeleka kwenye banda moja la gemu Tandika, Dar es Salaam, lenye televisheni nne na feni moja. Vijana waliniamkia shikamoo, wakapokea karatasi, wakaandika kwa mwandiko safi kwamba gemu ni mbaya, zinapoteza muda, na mwanafunzi anatakiwa azingatie masomo. Walipomaliza wakarudi kwenye pedi zao za kuchezea. Walikuwa wamempa mtu mzima majibu ambayo mtu mzima hupenda kuyasikia, na mimi nilikuwa nimepoteza wiki mbili.

Kila mwaka wanafunzi wawili watatu hunitafuta kwa sababu wanataka kuandika tasnifu kuhusu gemu, na karibu wote huja na swali lilelile. Mdogo wangu, usianzie kwenye madhara. Wenzetu wamelihangaikia swali hilo miaka mingi, na waliolijibu vizuri walitumia uangalifu ambao dodoso la kurasa mbili haliwezi kuufikia. Mwaka 2019 Andrew Przybylski na Netta Weinstein walichapisha utafiti wa vijana 1,004 wa Uingereza wenye umri wa miaka 14 na 15. Gemu walizocheza zilielezwa na vijana wenyewe. Ukali wa tabia zao ulielezwa na wazazi au walezi. Na kiwango cha vurugu ndani ya gemu kilitokana na madaraja rasmi ya umri ambayo gemu hupangiwa, si maoni ya mtu. Tena waliandika mapema wangechambua vipi, kabla ya kuchambua. Hawakuona uhusiano kati ya gemu za vurugu na ukali wa vijana. Matokeo hayo ni ya watoto wa Uingereza, siyabebi kuyaleta Tandika. Ninachokuomba uige ni namna walivyokataa kumtegemea shahidi mmoja.

Tuje kwenye muda, maana hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Mwaka 2022 kundi la watafiti wa Oxford lilichapisha kazi iliyohusisha wachezaji 38,935 wa gemu saba, na saa za kucheza zilitoka kwenye kumbukumbu za kampuni zenyewe, kwa kuwa mtu akiulizwa amecheza saa ngapi mara nyingi hukosea. Waligundua kwamba wingi wa saa haukubadilisha ustawi wa wachezaji kwa kiasi cha maana. Kilichoonekana kuwa na uzito zaidi ni sababu ya kucheza: anayecheza kwa kupenda, na anayecheza kwa kuhisi analazimika.

Banda la Tandika halina kumbukumbu za kampuni, lakini lina daftari. Mwenye banda anaandika kila mechi: televisheni ya ngapi, nani kalipa, nani anadaiwa. Niliomba ruhusa ya kulinakili, majina ya utani nikayageuza namba, nikajiona nimepata dhahabu. Kijana aliyeniambia anakuja mara mbili kwa wiki alikuwa humo karibu kila siku. Lakini yule ambaye kila mtu alimtaja kuwa ndiye mkali wa banda, daftarini hakuonekana kabisa. Nilihangaika na jambo hilo siku kadhaa, mpaka nilipokaa na kutazama. Sheria ya pale ni kwamba anayefungwa analipa. Yeye alikuwa hafungwi, kwa hiyo alicheza kuanzia mchana mpaka usiku bila kutoa hata shilingi, na daftari lilimwandika anayelipa tu. Kama ningechora majedwali yangu kwa kutumia daftari peke yake, mchezaji mkubwa kuliko wote angekuwa hayumo.

Kwa hiyo kaa. Ukishakaa, cheza. Siku nilipoomba pedi ndipo shikamoo zilipokoma. "Dada, kaba! Kaba huyo, usimwachie!" Kuanzia hapo nilisikia habari za nani anamkopesha nani, nani anafundishwa bure na nani analipishwa, na kwa nini wengine huja kutazama tu.

Wasimamizi wengine wataona mada hii ni nyepesi. Wangu aliniambia kama nataka mchezo wenye uzito, nisome bao. Nikasoma kweli, nikakuta Alex de Voogt alishawasilisha tasnifu ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, mwaka 1995 kuhusu umahiri wa mabingwa wa bao, akiwa amefanya kazi na mabingwa wa Zanzibar. Nilimpelekea msimamizi hoja hiyo: kama kete 64 na mashimo 32 vinatosha kwa udaktari, banda lenye vijana thelathini linatosha kwa uzamili. Alikubali.

Kuwa makini na neno uraibu. Shirika la Afya Duniani linatambua tatizo la gemu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, lakini linataka kuonekana kwa mtu kushindwa kujizuia, kutanguliza gemu kuliko mambo mengine, na kuendelea licha ya kuumia, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12. Mtoto uliyemwona amekaa saa tatu Jumamosi usimwite mraibu kwenye tasnifu yako.

Barua ya chuo ifike kwa mtendaji wa mtaa kabla hujaingia. Usipige picha ya mtu aliyevaa sare ya shule. Mama mmoja alinijia akitaka nimwambie kama mwanawe huwa anakuja pale saa za masomo. Nilimweleza kwamba niliwaahidi watoto kutosema. Aliondoka amekasirika, nami nilikosa usingizi, lakini ningesema, kazi yote ingeishia siku ile.

Jambo moja sikulifanya na linaniuma. Kwa miezi mitatu niliona wasichana wawili tu ndani ya banda, nikaandika kwamba wasichana hawachezi. Upande wa pili wa barabara kuna saluni, na wasuka nywele wanaosubiri wateja hucheza gemu kwenye simu tangu asubuhi. Kama bado unatafuta mada, nenda pale.