Kabla hujalipia hospitali binafsi, uliza ukizidiwa utapelekwa wapi

Nilipokuwa Uingereza, nilipangiwa kutolewa mfuko wa nyongo katika hospitali ya umma. Tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena. Maumivu yakinishika usiku nilikuwa nakaa sakafuni bafuni, mgongo ukutani, nikisubiri kupambazuke. Mwishowe nikatoa akiba yangu nikaenda hospitali binafsi. Chumba cha peke yangu, daktari asiye na haraka. Siku ya pili homa ikapanda na presha ikashuka: nyongo ilikuwa inavuja tumboni. Pale hapakuwa na chumba cha wagonjwa mahututi. Usiku uleule nikapakiwa kwenye gari la wagonjwa, nikarudi kulekule nilikokimbia foleni. Walinipokea na hawakunidai chochote.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aende ya umma au binafsi, kwanza namuuliza anaumwa nini. Huduma ya umma ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1948 na kuendeshwa kwa kodi, humtanguliza aliye hatarini. Mwenye mshtuko wa moyo hapangi foleni. Mwenye goti bovu hupanga, na lengo la kuanza kutibiwa ndani ya wiki 18 halijafikiwa kwa miaka mingi sasa. Ukilipa binafsi unanunua muda. Usidhani umenunua na usalama.

Marekani shida ni nyingine kabisa. Dada yangu alilazwa huko akiwa na bima ya kazini, akajua yameisha. Hospitali ilikuwa kwenye orodha ya bima yake, lakini daktari aliyempa nusu kaputi hakuwemo, na bili yake ikaja kivyake. Tangu Januari 2022 sheria inazuia bili za namna hiyo, ila bili za gari la wagonjwa la barabarani haikuzigusa. Ukienda kuishi huko, usiangalie makato ya mwezi tu. Uliza utajilipia kiasi gani kabla bima haijaanza kulipa, na kwa mwaka mzima mfuko wako utaguswa hadi wapi. Hayo mawili yaandike kabisa.

Ujerumani ndiko vijana wanakojifunga bila kujua. Bima ya lazima ilianza huko mwaka 1883, na mwajiri na mfanyakazi huchangia. Mwenye mshahara mkubwa anaruhusiwa kuhamia bima binafsi, na akiwa kijana mwenye afya mara nyingi huiona nafuu, tena hupata miadi ya daktari mapema. Lakini mwenzi asiye na kipato na watoto, ambao bima ya umma huwabeba bila nyongeza, kwenye bima binafsi kila mmoja analipiwa kivyake. Kurudi bima ya umma ni kugumu, na ukishafika miaka 55 mlango karibu umefungwa. Ningekuwa na mpango wa kuzaa, nisingehama.

Kanada hospitali na daktari hulipiwa na serikali, ila dawa za kumezea nyumbani huenda zikawa juu yako. Mwenye kisukari alijue hilo kabla hajapanda ndege.

Baadaye nilipata ngiri, nikalipia binafsi tena. Safari hii nilimuuliza daktari kabla sijaweka saini: nikizidiwa saa nane za usiku, nani atakuja, nitapelekwa wapi, na nani atalipa? Akanijibu moja moja. Nikachagua wodi ya kulipia iliyo ndani ya hospitali kubwa ya umma, chumba cha mahututi kikiwa ghorofa moja juu yangu.